Ngano ya Nyamgondho na Safari ya Uzamifu: Utafiti wa Taaluma Mseto katika Fasihi Simulizi ya Homa Bay na Migori

Utangulizi

Mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili hawezi kuikwepa fasihi simulizi, na si nadra kuulizwa aeleze hatua ambazo angefuata katika kukusanya kipera fulani. Wengi hujibu kwa kuorodhesha: hojaji, mahojiano, kushuhudia, kushiriki, kurekodi. Orodha hiyo haina kosa. Tatizo ni kwamba mtahiniwa huiandika bila kufikiria ngano yoyote, fanani yeyote wala mahali popote. Mwalimu aliyeifundisha orodha hiyo kwa miaka mingi naye hupatwa na tatizo lilo hilo siku anapoamua kujisajili kwa shahada ya uzamifu. Mbinu anazo, ila swali hana.

Makala haya yananuia kueleza maana ya utafiti wa taaluma mseto katika sanaa na fasihi, na jinsi mwalimu wa Kiswahili aliyeko Homa Bay au Migori anavyoweza kuufanya. Badala ya kueleza kwa jumla, tutaishika ngano moja, ile ya Nyamgondho, na kuonyesha inavyomlazimisha mtafiti kutoka nje ya uga wa fasihi. Hatimaye tutaona kwamba yale anayotakiwa mwanafunzi wa uzamifu hayatofautiani sana na yale anayotakiwa mtahiniwa. Tofauti ni ya kina tu.

Muhtasari wa ngano

Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi maskini katika ufuo wa Gwassi, upande wa Nyandiwa, Kaunti ya Homa Bay. Siku moja alivua, na badala ya samaki akampata mwanamke mzee asiyevutia. Alimchukua nyumbani akamfanya mkewe. Tangu siku hiyo mifugo ilianza kuongezeka, boma likajaa, naye Nyamgondho akawa tajiri wa kutajika. Utajiri ulimlevya, na pombe nayo ikamlevya. Usiku mmoja alirudi akiwa chakari, akamtukana mkewe na kumkumbusha alikomtoa. Mwanamke hakujibizana naye. Alianza safari ya kurejea ziwani, na mifugo yote ikamfuata nyuma. Nyamgondho aliwafuata hadi ufuoni, akasimama ameegemea mkongojo wake akitazama mali yake ikizama. Hapo alipo akageuka: wapo wasemao kuwa mti, na wapo wasemao kuwa jiwe. Hadi leo mgeni huonyeshwa alama katika miamba ya ufuo na kuambiwa kwamba ni nyayo za ng'ombe wale.

Uhakiki wa fasihi unafika wapi?

Mwalimu yeyote anaweza kuihakiki ngano hii kwa muda wa kipindi kimoja. Maudhui yake yako wazi: majivuno, ulevi, ukosefu wa shukrani, na dhuluma dhidi ya mwanamke. Mwanamke mzee ni mhusika mwenye uwezo usio wa kawaida anayempima binadamu. Yupo mwenzake katika ngano ya Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ambapo kikongwe mgeni anafukuzwa karamuni na kijiji kizima kinazama na kuwa ziwa. Kwa uainishaji, Nyamgondho ni ngano ya usuli kwa kuwa inaeleza asili ya alama za miambani. Muundo wake ni wa kupanda na kushuka: umaskini, utajiri, umaskini.

Kwa mtihani, hayo yanatosha. Kwa uzamifu ndipo kazi inapoanza. Tazama maswali yafuatayo ambayo uhakiki huo haukuyagusa.

Kwanza, hii ni ngano ya nani? Vitabuni na madarasani huitwa ngano ya Waluo, na leo aghalabu husimuliwa kwa Kidholuo. Hata hivyo, Gwassi, pamoja na Kaksingri na visiwa vya Rusinga na Mfangano, ni makao ya Abasuba, jamii ya Kibantu ambayo kwa vizazi kadhaa imekuwa ikihamia lugha ya Kidholuo. Je, ngano hii ilisimuliwa awali kwa Kisuba kisha ikahama pamoja na wasemaji wake? Au ilikuja na Waluo, ikapandwa katika ufuo wa wenyeji?

Pili, alama za miambani zilitokana na nini? Tatu, kwa nini utajiri unaozama ni wa ng'ombe na si wa samaki, ilhali mhusika ni mvuvi? Nne, anayesimulia ni mwanamume au mwanamke, na je, usimulizi hubadilika kulingana na jinsia ya fanani?

Swali la kwanza linamhitaji mwanaisimu na mwanahistoria. La pili linamhitaji mwanajiolojia. La tatu linamhitaji mwanahistoria wa uchumi, na la nne mwanaanthropolojia. Ni swali lenyewe linaloziita taaluma hizo. Mtafiti hakuzikusanya ili tasnifu yake ionekane nzito.

Maana ya taaluma mseto

Ni vyema tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Utafiti wa taaluma nyingi ni ule ambao kila taaluma husema neno lake kisha ikanyamaza. Sura ya pili huwa ya historia, ya tatu ya jiografia, ya nne ya fasihi. Huo ni kama nyoyo, yaani githeri: hindi hubaki hindi na haragwe hubaki haragwe. Utafiti wa taaluma mseto ni kama ugali. Unga na maji vikishasongwa, huwezi kuvitenga tena. Matokeo ya taaluma moja hubadilisha swali la taaluma nyingine.

Mfano ni zile alama za miambani. Milima ya Gwassi pamoja na Rusinga na Mfangano ni mabaki ya volkeno ya kale ya Kisingiri. Majivu ya volkeno hiyo ndiyo yaliyohifadhi masalia ya kale ya Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948. Basi mwanajiolojia atatueleza jinsi mwamba wa namna hiyo unavyomomonyoka na kuacha vishimo. Je, maelezo yake yameiua ngano? La hasha. Yamelinoa swali la mhakiki. Sasa hatuulizi tena kama ng'ombe walipita pale. Tunauliza kwa nini jamii iliyotazama vishimo vile iliona kwato, wala haikuona nyayo za watu au za kiboko. Jibu litatupeleka kwenye thamani ya ng'ombe katika mahari, heshima na urithi. Hapo tumerudi kwenye fasihi, lakini tukiwa na swali tusilokuwa nalo awali.

Mtafiti ajihadhari na mtego mmoja. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki. Ni rahisi mtu kuandika kwamba ngano ya Nyamgondho ni kumbukumbu ya sotoka. Wazo hilo lina mvuto, ila kufanana si ushahidi. Ili lisimame, pangehitajika ushahidi wa kuwapo kwa ngano au kutokuwapo kwake kabla ya wakati huo, au matoleo yanayotaja ugonjwa. Bila hayo, mtafiti aliandike kama dhana inayosubiri kuthibitishwa. Anayeazima hoja ya historia sharti akubali kuhukumiwa kwa kanuni za historia.

Waliotutangulia

Njia hii si mpya. Mwaka wa 1938 Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alichapisha kitabu Luo Kitgi gi Timbegi kuhusu mila na desturi za Waluo, kikiwa kimeandikwa kwa Kidholuo. Hakuwa na shahada ya uzamifu, lakini hakuna mtafiti wa eneo hili anayeweza kumpita bila kumtaja.

Bethwell Ogot, aliyefariki mwaka wa 2025, alifanya utafiti wake wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha London kuhusu historia ya Waluo wa Kusini. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka wa 1967. Wakati huo wanahistoria wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Ogot alitumia masimulizi na nasaba za koo, akizilinganisha na kukadiria vizazi, ili kufuatilia uhamiaji na makazi. Alichukua mali ya fasihi simulizi akaipima kwa mizani ya historia.

Mwaka wa 1968, Henry Owuor Anyumba, Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong waliandika pendekezo la kuivunja Idara ya Kiingereza katika Chuo cha Nairobi na kuweka fasihi ya Kiafrika, ikiwemo fasihi simulizi, mahali pake. Anyumba mwenyewe alikuwa mtu wa fasihi na muziki kwa pamoja, na alikuwa amezichunguza nyimbo za nyatiti. Naye Washington Omondi aliitafiti ala hiyo hiyo kama mwanamuziki. Nyatiti inatufundisha jambo: mpigaji huimba, hupiga nyuzi nane, hugonga ala kwa pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu, na kutikisa njuga. Anayenakili maneno peke yake ameacha zaidi ya nusu ya kazi nje ya daftari.

Ng'ambo ya ziwa, katika mkoa wa Kagera, Tanzania, M. M. Mulokozi aliziendea tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa ala ya nanga, na utafiti huo ukawa msingi wa shahada yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mulokozi anafahamika sana kwa walimu wa Kiswahili. Kazi yake yathibitisha kwamba mtaalamu wa Kiswahili anaweza kuichunguza fasihi ya lugha nyingine ya Kiafrika bila kuhama uwanja wake.

Kwa upande wa Migori, ipo nafasi kubwa ambayo haijajazwa. Thimlich Ohinga, makazi yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, yaliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Kuta hizo, ambazo kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5, zinakadiriwa kuwa za karne ya 16. Mwanaakiolojia anaweza kukadiria umri wa ukuta. Hawezi kutueleza kwa nini koo fulani zinahusishwa na ua fulani. Hilo limo vinywani mwa wazee. Kuria nako, iritungu inasubiri mtafiti atakayeichunguza pande zote mbili za mpaka, Kenya na Tanzania, kwa kuwa wasemaji wa Kikuria hawakugawika kama ramani ilivyogawika.

Hatua za kufuata

Mwalimu anayekusudia kuanza azingatie haya.

(a) Swali kabla ya mada. Mada kama “Fasihi Simulizi ya Waluo” haitafitiki. Swali kama “Matoleo ya ngano ya Nyamgondho yasimuliwayo na wasemaji wa Kisuba na ya wasemaji wa Kidholuo yanatofautianaje, na tofauti hizo zinatueleza nini kuhusu kuhama kwa lugha?” linatafitika.

(b) Wasimamizi. Utafiti wa taaluma mseto unahitaji angalau wasimamizi wawili wa taaluma tofauti. Wakutanishwe mapema, kwani wasipokubaliana kuhusu kinachohesabiwa kuwa ushahidi, mwanafunzi ndiye atakayeumia. Nyasi huumia fahali wapiganapo. Leo vyuo haviko mbali na eneo hili: kuna Maseno, Kisii, Rongo kilichopata hati yake mwaka wa 2016, na Tom Mboya mjini Homa Bay. Kabla ya kujisajili, chunguza kama chuo kina wasimamizi wa nyanja zote unazozihitaji.

(c) Nadharia. Usirundike nadharia tano. Teua moja ya kuongoza uhakiki, na uchukue kutoka taaluma nyingine mbinu ya kukusanya na kupima data. Nadharia mbili zinazopingana kuhusu maana ya matini haziwezi kuvuta jembe moja.

(d) Idhini. Mtafiti hupata kibali cha kamati ya maadili, kisha leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na hujitambulisha kwa wakuu wa kaunti kabla ya kuingia nyanjani. Zaidi ya hayo, Sheria Nambari 33 ya mwaka wa 2016 inalinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, nayo inaitambua jamii kuwa mwenye mali. Kwa hivyo idhini ya fanani mmoja si lazima iwe idhini ya jamii.

(e) Nyanjani. Kalenda ya shule sio kalenda ya ziwa. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Mtafiti anayetaka kuwasikiliza ufuoni apange ziara zake kwa kuufuata mwezi. Vilevile, arekodi fanani zaidi ya mmoja, wanawake kwa wanaume, na aandike ni nani waliokuwepo wakisikiliza. Bibi husimulia kwa namna moja akiwa na wajukuu na kwa namna nyingine akiwa na mgeni mwenye kinasasauti. Siwindhe, nyumba ya bikizee ambamo watoto wa Waluo walisimuliwa hadithi, ilikuwa na hadhira yake. Chumba cha mahojiano kina hadhira nyingine.

(f) Unukuzi na tafsiri. Tasnifu ya Kiswahili kuhusu ngano ya Kidholuo au Kisuba husimama juu ya tafsiri. Neno “nam” la Kidholuo hutumika kwa ziwa na pia kwa bahari. Ukiandika “ziwa” umeshateua. Toa matini asilia kwanza, tafsiri ifuate, na ueleze sababu za uteuzi wako.

(g) Kurejesha. Nakala ya rekodi na ya tasnifu zirudi kwa jamii, ziwekwe mahali ambapo wenyewe wanaweza kuzifikia.

Matatizo

Si haki kumpamba mtu njia bila kumwonyesha miiba. Mwalimu anayefundisha huku akisoma hupata muda wa likizo tu, na karo na nauli ya mashua hutoka katika mshahara ule ule. Isitoshe, mtafiti wa taaluma mseto huhukumiwa mara mbili. Mhakiki wa fasihi humwambia kwamba amekuwa mwanahistoria, naye mwanahistoria humwambia kwamba bado ni mhakiki. Kinga ni moja: kujifunza kwa dhati kanuni za taaluma ya pili, hata ikibidi kuhudhuria masomo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Usiazime istilahi usizoweza kuzitetea.

Tatizo kubwa zaidi ni la wakati. Wasimulizi wa ngano kwa Kisuba wengi wao ni wazee, na mjukuu anayezungumza Kidholuo, Kiswahili na Kiingereza hawezi kuirithi ngano katika lugha asiyoijua. Kila mwaka unaopita bila rekodi, swali letu la kwanza, la ngano hii ni ya nani, linazidi kuwa gumu kujibika. Tunapoandika ubaoni “ngano ya Waluo” na kuendelea na maudhui, tumelijibu swali ambalo hatujalitafiti. Jina la jamii juu ya ngano nalo ni dai, na dai huhitaji ushahidi.

Swali la mfano kwa mtahiniwa

Umepewa jukumu la kukusanya ngano za usuli zinazohusu mahali fulani katika eneo lako.
(i) Eleza mambo manne utakayozingatia kabla ya kwenda nyanjani. (alama 8)
(ii) Fafanua mbinu tatu utakazotumia kukusanya data, ukionyesha kwa nini kila moja inafaa. (alama 6)
(iii) Taja taaluma mbili nyingine zinazoweza kukusaidia kuielewa ngano hiyo, na ueleze mchango wa kila moja. (alama 6)

Mwongozo: Katika (i), mtahiniwa ataje swali la utafiti, idhini, uteuzi wa fanani na lugha ya usimulizi. Katika (ii), asiorodheshe tu. Aseme, mathalani, kwamba kurekodi kunafaa kwa kuwa huhifadhi kiimbo na vicheko vya hadhira, ambavyo hojaji haiwezi kuvinasa. Katika (iii), jiografia inaweza kueleza umbo la mahali, na historia inaweza kueleza nani waliishi hapo na lini. Mtahiniwa anayetaja ngano halisi na mahali halisi huwa ameonyesha kwamba anaielewa kazi anayoieleza.

Hitimisho

Tumeona kwamba utafiti wa taaluma mseto huanza pale ambapo swali la fasihi linashindwa kujibiwa na fasihi peke yake, na kwamba kila taaluma inayoalikwa lazima ipewe ruhusa ya kumkosoa mwenyeji. Si kila mwalimu atakayefika uzamifu, wala si lazima. Lakini kila mwalimu wa Mbita, Ndhiwa, Rongo au Kehancha anaweza kuwatuma wanafunzi wake wakati wa likizo wakamwulize bibi au babu ngano moja, kwa lugha anayoipenda, kisha waandike jina la lugha hiyo, la mahali, na tarehe. Madaftari hayo yakihifadhiwa shuleni, huenda siku moja yakawa data ya mtafiti. Huenda pia mtafiti huyo akawa mmoja wa walioyaandika.